DASB na picha za PET za ubongo: kipimo cha visafirishi vya serotonini kinaaminika wapi, na kinateleza wapi

Ukitaja skana ya PET Nairobi au Dar es Salaam, wengi watafikiria saratani: mtu anadungwa sukari yenye mionzi, na uvimbe unang'aa kwenye picha. Huduma tunayoikagua hapa inatumia mashine za aina hiyohiyo kwa kazi nyingine kabisa. Kifuatilizi chake, yaani kemikali yenye mionzi inayofuatwa kwa picha, kinaitwa DASB, kimewekewa kaboni-11, na kinakwenda kunata kwenye visafirishi vya serotonini ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Visafirishi hivyo ni protini zinazoirudisha serotonini kwenye seli ya neva iliyoitoa, na ndivyo vinavyozibwa na dawa nyingi za sonona: fluoxetine, sertraline, citalopram na nyinginezo za kundi hilo. Wanaokitafuta kipimo hiki ni watafiti, kampuni za dawa, na mara nyingine mgonjwa aliyesikia kwamba "serotonini inaweza kupimwa". Jibu letu kwa hao watatu si moja.

Tuanze na uamuzi. Ukimpima mtu yuleyule mara mbili, kwa mashine ileile na hesabu zilezile, DASB ni rula nzuri na tofauti utakayoiona unaweza kuitegemea. Ukichukua namba ya kituo kimoja ukailinganisha na ya kituo kingine, uko kwenye utelezi. Na kama shabaha ni kumwambia mgonjwa mmoja kuwa ana sonona au hana kwa kutazama namba yake, kipimo hiki hakina uwezo huo, na kituo kinachodai kinao kiepukwe.

DASB ilitengenezwa Toronto na timu ya Alan Wilson na Sylvain Houle, na ripoti za kwanza zilitoka mwaka 2000. Kabla yake, miaka ya 1990, watafiti walikuwa wakitumia McN5652. Hiyo ilikuwa na kasoro mbili zinazouma: inanata hovyo kwenye tishu hata pasipo na visafirishi, na inachukua muda mrefu kuachia, wakati kaboni-11 haikusubiri. DASB inavutwa na kisafirishi cha serotonini kwa nguvu ya kiwango cha nanomola 1 hivi, ilhali uvutano wake kwa visafirishi vya dopamini na noradrenalini ni dhaifu zaidi ya mara 1,000. Inaingia ubongoni haraka na inaachia ndani ya muda unaopimika. Hizo ndizo sababu ilienea duniani, na bado hatujaona kifuatilizi cha kaboni-11 kinachoizidi waziwazi. MADAM, inayohusishwa zaidi na watafiti wa Stockholm, ni ndugu yake wa karibu na inafanya kazi ileile kwa ubora unaokaribiana.

Bidhaa yenyewe haina rafu ya kuwekwa. Saiklotroni hupiga gesi ya naitrojeni kwa protoni, inapatikana kaboni-11 kama kaboni dioksidi. Hiyo inageuzwa kuwa methili iodidi au methili triflati, kisha methili yenye mionzi inabandikwa kwenye kitangulizi ambacho kimekosa methili moja tu kuwa DASB kamili. Mchanganyiko unasafishwa kwa HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali, unapitishwa kwenye kichujio cha mikromita 0.22, unapimwa pH, usafi wa kikemia na wa kimionzi, na kichujio chenyewe kinajaribiwa kama kimestahimili. Wakati huo wote saa inakula: nusu ya kaboni-11 inaisha kila dakika 20.4. Zikipita dakika 40 tangu saiklotroni izimwe hadi sindano iingie, umebaki na robo ya ulichoanza nacho. Kwa hiyo hospitali yenye skana nzuri lakini isiyo na saiklotroni na maabara ya kemia ya mionzi jirani na chumba cha kipimo haiwezi kutoa huduma hii, hata iwe na fedha kiasi gani.

Hapa ndipo siku nyingi za kipimo huharibikia. Unyevu kidogo kwenye mabomba unaua methilisheni. Kitangulizi kilichokaa vibaya kinatoa mavuno hafifu. Kichujio kinapasuka na bechi nzima inatupwa, huku mtu amelala tayari na kanula mkononi. Swali la kwanza la kukiuliza kituo ni hili: bechi ikifeli, mnaweza kutengeneza nyingine siku hiyohiyo, na baada ya saa ngapi?

Kuna hitilafu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni uzito wa DASB isiyo na mionzi. Kaboni ya kawaida ipo kila mahali, na ikivuja kwenye mfumo, inatengeneza molekuli za DASB zisizotoa ishara yoyote lakini zinazokalia viti vilevile kwenye visafirishi. Mikrogramu chache hazina madhara makubwa. Zikizidi, namba inashuka bila ugonjwa wala dawa. Mbaya zaidi ni pale kipimo cha kwanza kilipotumia mikrogramu 1 na cha pili 8, maana tofauti hiyo inaweza kusomwa kama matokeo. Kila ripoti ionyeshe megabekereli zilizodungwa, yaani kiasi cha mionzi, pamoja na mikrogramu. Ripoti yenye megabekereli peke yake ni nusu ripoti.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Mshiriki anakwenda msalani kwanza, kwa kuwa kilicho mbele yake ni dakika 90 hadi 100 za kulala chali bila mapumziko. Kichwa kinashikwa kwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa usoni mwake au kwa mto unaokibana pande zote. Kanula moja inawekwa mkononi kwa ajili ya sindano. Kama damu ya ateri itachukuliwa, ya pili inaingia kwenye ateri ya kifundo cha mkono mwingine, baada ya kuhakikisha kwamba kiganja kinapata damu ya kutosha kwa njia nyingine. Inapigwa CT ya mionzi midogo, au mzunguko wa chanzo cha mionzi kwenye mashine za zamani, ili kusahihisha mionzi inayomezwa na fuvu. Kisha DASB inadungwa, mara nyingi kati ya megabekereli 370 na 740, na picha zinaanza papo hapo: fremu za sekunde chache mwanzoni, zikirefuka hadi dakika 5 au 10 kuelekea mwisho. Mionzi anayopokea mtu ni kama mikrosiveti 7 kwa kila megabekereli, kwa hiyo sindano ya megabekereli 600 inakaribia milisiveti 4. Vipimo viwili vinafanya 8, na jambo hilo lielezwe wazi kabla mtu hajatia sahihi.

Kwa nini isiwe saa moja tu? Kwa sababu ya ubongo wa kati. Huko, kwenye viini vya rafe, vishada vya seli zinazotoa serotonini, na jirani zake, visafirishi vimejaa kuliko kwingine kote, na DASB inachelewa kufikia usawa. Ukikatisha mapema, unakadiria mwinuko ambao bado hujauona ukigeuka. Lakini dakika ya 100 inakukuta na asilimia 3 hivi ya mionzi uliyoanza nayo, fremu zimejaa kelele. Dakika 90 hadi 100 ni mapatano kati ya hasara hizo mbili, na tunayakubali.

Sasa tufike kwenye moyo wa suala. Namba inayotolewa, uwezo wa kushikamana au BP kwa kifupi, haisomwi moja kwa moja kwenye picha. Inapatikana kwa kulinganisha eneo lenye visafirishi na eneo linalodhaniwa halina, na eneo hilo la rejea ni serebelamu, ubongo mdogo wa kisogoni. Ubaya ni kwamba serebelamu haiko tupu kabisa. Vermisi, utepe wake wa katikati, ina visafirishi zaidi, na ndiyo maana kituo makini kinaikata nje na kutumia gamba la kijivu la pande mbili tu, kikikaa milimita kadhaa mbali na gamba la ubongo mkubwa lililo juu yake. Hata hapo mabaki yapo: mwaka 2006 timu ya Parsey, New York, iliwapa watu sertraline na ikaona ishara ya serebelamu nayo ikishuka.

Tazama hesabu hii kwa karibu. Tuseme kiasi cha kweli cha DASB isiyonata popote ni 10, na thalamasi, eneo la katikati ya ubongo lenye visafirishi vingi, inasoma 30. BP ya kweli ni (30 − 10) ÷ 10, yaani 2.0. Serebelamu ikiwa na visafirishi vichache vya kuifanya isome 11 badala ya 10, BP inakuwa (30 − 11) ÷ 11, yaani 1.73. Umepoteza asilimia 14. Nenda sasa kwenye gamba la ubongo, ambako visafirishi ni vichache na eneo linasoma 13: ukweli ni 0.30, wewe unapata 0.18. Hapo umepoteza asilimia 40, kwa kosa lilelile la kitengo kimoja. Kundi la wagonjwa likiwa na serebelamu tofauti kidogo na kundi la wenye afya, utatangaza kwamba gamba lao la ubongo limebadilika ilhali halijabadilika kitu.

Lakini mpe mtu huyohuyo dawa inayoziba asilimia 80 ya visafirishi kila mahali. Thalamasi inashuka hadi 14, serebelamu hadi 10.2, na BP mpya ni 0.37. Kutoka 1.73 hadi 0.37 ni mshuko wa asilimia 78. Ukweli ulikuwa 80. Kosa lililokuwa asilimia 14 limebaki pointi mbili, kwa sababu limekaa juu na chini ya mstari wa mgawanyo kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu tunasema rula hii ni nzuri kwa kumpima mtu dhidi yake mwenyewe.

Na huko ndiko ilikofanya kazi yake bora. Jeffrey Meyer na wenzake Toronto walichapisha mwaka 2004 kazi iliyopima watu waliokuwa wakitumia citalopram, fluoxetine, sertraline, paroxetine na venlafaxine. Kwa dozi ya chini kabisa inayotibu, dawa zote tano zilikalia karibu asilimia 80 ya visafirishi kwenye striatamu, eneo jingine la ndani ya ubongo. Dozi ikipanda zaidi, mstari unalala: miligramu zinaongezeka lakini nafasi za kukaliwa zimekwisha. Kampuni inayotaka kuchagua dozi ya dawa mpya ya kundi hili haina kipimo kingine cha kulinganisha na hiki. Kwa kazi hiyo tunakipendekeza bila kusita.

Kuhusu damu ya ateri, vituo vingi vinaiepuka, nasi tunaelewa. Inaumiza, inahitaji daktari mzoefu, na inaleta makosa yake: mwili unaivunja DASB haraka, hivyo lazima HPLC itenganishe DASB nzima na vipande vyake kwenye plazima, na kufikia dakika ya 60 chupa ya sampuli ina mionzi michache mno kuhesabika vizuri. Kwa kupima ukaliwaji wa dawa kwa mtu yuleyule, acheni ateri, tumieni serebelamu. Kwa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, ateri inastahili shida yake, maana ndiyo njia pekee ya kujua kama serebelamu za makundi mawili zinafanana.

Marudio yakoje? Kwenye maeneo yaliyojaa visafirishi, kama thalamasi, striatamu na ubongo wa kati, kipimo cha pili kwa kawaida kinatofautiana na cha kwanza kwa chini ya asilimia 10. Kwenye gamba la ubongo hali inalegea sana. Msomaji achunge pia takwimu ya ICC ambayo vituo hupenda kuionyesha: inalinganisha tofauti kati ya watu na kosa la kipimo, na 1 ndiyo alama kamili. Watu wakitofautiana wenyewe kwa wenyewe kwa asilimia 15 na kosa la kipimo likiwa asilimia 5, ICC ni 0.90. Kosa likipanda hadi asilimia 12, ICC inaanguka hadi 0.61, na watu hawajabadilika. ICC moja ya "ubongo mzima" haisemi chochote. Dai ya kila eneo.

Hipokampasi na amigdala, maeneo madogo ya kumbukumbu na hisia, ziko katikati kwa uaminifu wa marudio, na zinasumbuliwa na udogo wao. Skana ya kawaida inaona vitu kwa upana wa milimita 4 hadi 6. HRRT, mashine iliyoundwa kwa ajili ya ubongo, inafika milimita 2.5 hivi. Viini vya rafe ni vyembamba mno hata kwa mashine hiyo, kwa hiyo ishara yao inavujia jirani na ya jirani inavujia kwao. Mtu mmoja akipimwa kwenye mashine hizi mbili, rafe yake itatoka na namba mbili. Kituo kikibadilisha skana katikati ya utafiti, vipimo vya kabla na baada visichanganywe kwenye jedwali moja kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu kuna kichwa kinachosogea. Mtu akisinzia dakika ya 50, kidevu kinashuka na ubongo wa kati unahama milimita 3 au 4. Programu inaweza kuzirudisha fremu mahali pake, na ni lazima ifanye hivyo. Isichoweza kurekebisha kirahisi ni ramani ya fuvu iliyopigwa mwanzoni: kichwa kimehama, ramani imebaki, na upande mmoja wa gamba la ubongo unasahihishwa kana kwamba ni mfupa. Ukiona kushoto na kulia zimepishana bila sababu, angalia hapo kwanza.

Sehemu inayostahili kutusumbua zaidi inakuja baada ya mshiriki kwenda nyumbani. Martin Nørgaard na wenzake, kutoka kundi la Gitte Moos Knudsen Copenhagen, walipitia makala 105 za DASB kutoka vituo 21 na kukuta kila kituo kikichakata kwa namna yake. Kisha walichukua vipimo vya watu 30 wenye afya, kila mmoja kapimwa mara mbili, wakavipitisha kwenye mikondo 384 ya uchakataji: usahihishaji wa mwendo kwa njia hii au ile, upangaji wa PET juu ya MRI, uchoraji wa maeneo, kusahihisha mvujo au kuuacha, na modeli tofauti za hesabu. Data ilikuwa ileile, namba hazikuwa zilezile, na makala yao iliyofuata ilionyesha kwamba hata hitimisho la utafiti linaweza kugeuka kulingana na mkondo uliochaguliwa. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi muhimu kuliko zote kuhusu uaminifu wa kipimo hiki. Mtafiti anayechagua mkondo baada ya kuona matokeo anajidanganya, hata kama nia yake ni safi. Mkondo uandikwe kabla ya sindano ya kwanza.

Ukijua hayo, mkanganyiko wa tafiti za sonona haushangazi. Timu moja, kwa McN5652, iliona visafirishi vimepungua kwenye ubongo wa kati. Nyingine, kwa DASB, ikaona vimeongezeka kwenye thalamasi na striatamu. Uchambuzi wa jumla wa mwaka 2014 ulionyesha upungufu mdogo kwenye ubongo wa kati na amigdala. Mdogo, na wenye mwingiliano mkubwa kati ya wagonjwa na wasio wagonjwa. Piga hesabu: watu wakitofautiana kwa asilimia 20 na tofauti unayoitafuta ni asilimia 10, unahitaji washiriki 64 hivi kila upande. Utafiti wenye 15 kila upande hauwezi kuubeba mzigo huo.

Majira nayo yanaingilia. Toronto, kwa watu 88 waliopimwa kati ya 1999 na 2003, BP ilikuwa juu zaidi miezi ya vuli na baridi kuliko ya joto. Kwa hiyo kituo cha nchi za kaskazini kikiwapima wagonjwa Desemba na wenye afya Juni kinaweza kuwa kimepima jua.

Dawa za kawaida za nyumbani ni mtego ambao fomu nyingi za kituo huuruka. Kila mtu anaulizwa kuhusu dawa za sonona, na anayetoka kwenye fluoxetine lazima asubiri wiki 5 au zaidi kwa sababu zao lake, norfluoxetine, linakaa mwilini kwa majuma. Lakini tramadol inagusa kisafirishi cha serotonini. Dextromethorphan iliyo kwenye dawa nyingi za kikohozi inakigusa. Hata chlorphenamine, ile Piriton ya mafua ambayo mtu hununua bila cheti, inakivuta. Mshiriki aliyemeza kidonge cha mafua jana usiku hatakitaja akiulizwa "unatumia dawa?", kwa sababu kwake hiyo si dawa ya kuhesabu. Aulizwe kwa majina, moja baada ya jingine, asubuhi ya kipimo.

Kwa wasio na saiklotroni, njia mbadala zipo na zina upungufu wake. Beta-CIT yenye iodini-123, kwenye skana ya SPECT, aina nyingine ya picha za mionzi, inanata kwenye visafirishi vya serotonini na vya dopamini pamoja, kwa hiyo inasomeka kwa serotonini kwenye maeneo yenye visafirishi vichache vya dopamini, kama ubongo wa kati. Usiamini namba yake ya striatamu kwa kazi hii. Vifuatilizi vya florini-18, kama 4-F-ADAM uliotumika sana Taiwan, vina nusu-uhai wa dakika 110 na vinaweza kusafirishwa kutoka mji hadi mji. Hiyo ndiyo njia tunayoiona ikifaa hospitali zinazopokea vifuatilizi kwa gari.

Ukiamua kuagiza DASB, dai mambo haya kwenye mkataba: mikrogramu za kila sindano, fremu zote ghafi, si picha ya wastani, grafu ya mwendo wa kichwa kwa kila mshiriki, mipaka ya serebelamu iliyotumika, vermisi ikiwa imetolewa, na data yote ikiwa imepangwa kwa mfumo wa PET-BIDS, utaratibu wa pamoja wa kupanga mafaili ya PET, ili mtu mwingine aweze kuipitisha kwenye mkondo wake na kuona kama namba zinasimama.